Uliza Mzee Kabati: Chupa za udongo chini ya kitanda

Toleo lililopita niliwaambia habari za kadi zangu za simu, zile za kukwangua, kwamba ninazo 1,900 na kitu, nikauliza na nyinyi wenzangu mnakusanya nini. Nilidhani nitapata barua tatu nne hivi. Wapi! Meza imejaa, mke wangu anauliza chai aweke wapi. Nimechagua chache, zingine zisubiri, na yule wa Kawempe aliyeuliza kama kukusanya madeni nayo ni hobi, bwana nakuombea tu.

*Mzee Kabati habari za kazi. Mume wangu ni dereva wa lori, anazunguka Uganda nzima, na kila akirudi analeta udongo kwenye vichupa vile vya dawa ya kikohozi. Mimi sikuwa na shida. Sasa mwezi jana ssenga wangu, yaani shangazi, alikuja kutuona, tasbihi ikamdondoka, akainama kuitafuta akakuta chupa 46 zimepangwa chini ya kitanda. Hakulala. Asubuhi akapanda taksi ya kwanza na saa hii ukoo mzima unasema nimeolewa na mchawi. Yeye anasema ni hobi. Hobi gani ya udongo?*
Mama Shakira, Lugazi

Mama Shakira pole sana, lakini nimecheka mpaka chai ikanitokea puani. Mumeo si mchawi. Kukusanya mchanga na udongo ni hobi kabisa, duniani kuna watu wengi wanafanya, wanatumiana kwa posta kijiko kijiko, mmoja ana mchanga wa jangwani anatafuta wa pwani, wanabadilishana. Na kwa Uganda huyo bwana amepata nchi ya kuringia maana ukitoka Kampala na udongo wake mwekundu ule unaoharibu soksi nyeupe, ukafika Kisoro chini ya mlima Muhabura unakuta mweusi wa volkano, ukienda Karamoja kuna ule mweusi mwingine unaonasa gari mvua ikinyesha, ukishuka Katwe kule Kasese unapata tope la chumvi. Ukizipanga dirishani jua likipiga ni kama vitenge.

Halafu mwambie ssenga hadithi hii. Jumba letu la makumbusho, Uganda Museum, lilianza 1908 pale Old Kampala kwenye ngome ya Lugard, vitu vikiwa vimekusanywa na maofisa wa serikali kutoka kila wilaya, na vingi vilikuwa hirizi na mapembe ya waganga. Watu wakapaita Enyumba y'Amayembe, nyumba ya mapembe ya uganga (sio maembe ya kula, wasomaji wa pwani msikimbilie). Walipita mbali. Leo liko Kitante tangu 1954 na wanafunzi wanapelekwa kwa mabasi. Hivo mumeo hajaanza yeye kushukiwa.

Ila kosa analo, tena mawili. La kwanza ni hiyo chini ya kitanda! Kitu chochote ukikificha chini ya kitanda kinakuwa uchawi, hata ungeficha Blue Band. Atengeneze kishelfu sebuleni, mgeni akiingia akione mwenyewe. La pili, hujaniambia kama chupa zina karatasi. Nadhani hazina, maana ssenga angesoma "Soroti, kituo cha mafuta, Machi 2019" akarudi kulala. Chupa bila jina la mahali na tarehe ni uchafu ulioingia ndani na viatu, hata yeye mwenyewe baada ya miaka mitano atakuwa anakisia hii ni Lira au Apac. Leo jioni mkalishe chini na kalamu kabla hajasahau.

Na kingine, udongo akiutoa shambani aukaange kwanza kwenye sufuria kuukuu mpaka ukauke kabisa ndio autie chupani. Udongo unabeba magonjwa ya mimea, na nyinyi wa Lugazi mnajua vizuri, mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mara ya kwanza 2001 huko huko Mukono mlikokuwa wakati ule. Nje ya mpaka ndio asithubutu kabisa, Busia wakimkuta na chupa za udongo atalala hapo.

*Mzee, nina noti ya shilingi 20 yenye picha ya Amin. Mtandaoni nimeona mtu anauza kama hiyo milioni 15. Kuna mtu hapa ameniletea laki mbili nimemkataa. Nisubiri?*
Kijana wa Arua

Mwanangu, mkimbilie huyo mtu kabla hajajua amekosea! Noti za Amin za miaka ya 1970 zilichapishwa nyingi, za 5, 10, 20, 50 na 100, na watu wengi walizikunja wakaweka ndani ya Biblia na Kurani wakasahau, hivo bado zipo, watalii wanazinunua kwa dola chache tu. Mtu kuandika milioni 15 mtandaoni hakuna anayemzuia, hata mimi naweza kuandika kiatu changu milioni 15. Uliza nani amenunua. Na wala usifikirie benki, mwaka 1987 serikali ilibadilisha pesa, shilingi 100 za zamani ikawa 1 mpya na juu yake wakakata asilimia 30. Shilingi 20 za siku zile ulikuwa unaondoka na senti 14.

Kama unaipenda noti yako ihifadhi tu vizuri, usiikunje, usiipige pasi, na nakuomba usiipeleke kulaminetiwa. Najua sisi tunalamineti kila kitu, cheti, picha ya harusi, mpaka ratiba ya mechi, lakini noti ikishagandishwa kwenye plastiki hakuna mkusanyaji atakayeigusa. Na nyuma ya bahasha andika ilitoka kwa nani. Noti ya babu aliyolipwa mshahara wa mwisho kambini ni tofauti na noti.

Ukitaka kweli kujua kitu cha pesa nyingi kutoka Uganda ni stempu za kauri, zile simbi za baharini zilizokuwa pesa. 1895 hapakuwa na stempu hapa, mmisionari mmoja pale Mengo, Ernest Millar, akakaa kwenye taipureta akazipiga mwenyewe, herufi U na G juu, namba katikati, na bei ni kwa kauri, kauri 200 ni rupia 1. Ndio zile simbi, Waganda mpaka leo pesa wanaiita ensimbi. Zilizobaki ni chache mno na wenye nazo wanazifungia kwenye sefu. Lakini ukiletewa na mtu mtaani usimpe hata mia, maana ni kitu cha kupiga kwa taipureta, na tapeli naye ana taipureta.

*Mimi nina miaka 11 nina vizibo vya soda na bia 312 (bia ni za baba). Kaka yangu anavichukua kucheza drafti. Mzee msemeshe.*
Kizibo, Jinja

Kaka, msikilize mdogo wako. Na wewe Kizibo mpe vile vilivyojirudia, atosheke, vile ulivyo navyo kimoja tu usitoe. Sasa chukua kimoja uhesabu meno pembeni. Nasubiri. Ni 21, si ndio? Aliyevumbua, William Painter wa Baltimore Marekani, alianza navyo 1892 vikiwa na meno 24, na ndani kulikuwa na kipande cha koki badala ya hiyo plastiki unayoibandua. Ukipata chenye koki njoo unione mimi mwenyewe. Halafu wakati muuzaji anafungua soda mwombe aweke sarafu juu ya kizibo, katikati ya kizibo na kifungulio, kitatoka kimenyooka bila lile bonde. Kuna mzee wa Denmark alikusanya zaidi ya laki moja, hivo una kazi.

*Nakusanya manyoya ya ndege, ninayo ya korongo wetu wa bendera matano, na juzi rafiki kanipa magamba ya kakakuona. Niyaweke kwenye chupa au albamu?*
Msomaji, Kasese

Usiyaweke popote. Hapo sicheki. Sheria ya wanyamapori ya 2019 haiulizi kama wewe ni mkusanyaji au mfanyabiashara, ukikutwa na kiungo cha mnyama aliyelindwa bila kibali umekutwa, na kwa walio hatarini kutoweka adhabu inaweza kufika faini ya bilioni 20 au kifungo cha maisha. Kakakuona biashara yake kati ya nchi na nchi imefungwa dunia nzima na korongo taji naye yuko hatarini, wala "niliokota" haisaidii mbele ya hakimu. Nenda mwenyewe kwa maofisa wa wanyamapori uyakabidhi kabla hawajaja wao, na ikiwezekana tangulia kuongea na mwanasheria. Huyo rafiki naye mchunguze, magamba hayaokotwi sokoni. Ukipenda manyoya anza na kuku, bata mzinga, kanga wa kufugwa. Jogoo wa kienyeji peke yake ana rangi za kujaza albamu nzima.

*Nafanya usafi kwenye ndege Entebbe. Nimejiwekea mifuko ya kutapikia ya mashirika 19, mitupu! Wenzangu wananiita kichaa. Kuna mwingine duniani?*
Msafi, Entebbe

Dada, yuko Mholanzi anaitwa Niek Vermeulen amekusanya zaidi ya 6,000 kutoka mashirika zaidi ya elfu moja, yumo kwenye kitabu cha rekodi za Guinness. Na kama wakikucheka zaidi waambie yuko Mwaustralia, Graham Barker, tangu 1984 anakusanya zile nyuzinyuzi za kitovuni mwake mwenyewe na anazihifadhi kwenye mitungi ya kioo, gramu 22 na ushee. Hapo mifuko yako itaonekana ni kazi ya ofisini.

Cha kukushauri, wewe uko mahali pazuri kuliko wote walioniandikia leo, lakini kwanza muulize msimamizi wako kama unaruhusiwa kuchukua, mfuko mmoja usikukoseshe kazi. Halafu tafuta kwa wazee waliofanya kazi uwanjani zamani. Uganda Airlines hii ya sasa imeanza kuruka 2019, ile ya kwanza iliundwa 1976 ikafungwa 2001, na ndani ya droo ya mtu fulani pale Entebbe upo mfuko wa ile ya zamani una risiti za umeme ndani. Kila mfuko andika kwa penseli, kalamu ya wino inavuja.

*Mzee Kabati, nami nataka kuanza lakini sina pesa. Na hizo kadi zako unaziweka wapi? Mimi hapa Mbale mchwa wanakula hata mlango.*
Wanyama, Mbale

Wanyama umenigusa kidonda. Kadi zangu nilianza kuziweka kwenye katoni ya sabuni pembeni ya kabati, sakafu ya simenti nikajidanganya mchwa watapita wapi. Walipita kwenye ufa mdogo kama uzi. Nilipoinua katoni baada ya Krismasi chini ikabaki sakafuni, kadi karibu 300 zimekuwa unga na udongo, nikakaa hapo hapo kwenye mkeka, mke wangu akadhani nimepigiwa simu ya msiba. Tangu siku ile ziko kwenye debe la biskuti lenye mfuniko, debe liko juu ya matofali, na kila baada ya miezi mitatu nazianika kivulini.

Na pesa hata mimi sikuwa nayo. Kadi niliokota. Unakumbuka vile mtu alikuwa anakwangua kwa ukucha pale pale stendi, anaingiza namba, anatupa chini? Asubuhi stendi ya taksi ilikuwa njano tupu, na mimi naokota kama kuku. Watu walinicheka mpaka 2018 Tume ya Mawasiliano ilipoziondoa, kukwangua kukaisha, na ghafla wale wale wananipigia eti Kabati unayo ya Warid? Ninayo. Ninayo ya Celtel, ya Zain na ya Airtel, ambayo kwa upande mmoja ni kampuni moja iliyobadilisha kanzu, Zain ikiingia 2008 na Airtel 2010, na Warid yenyewe ikamezwa humo 2013. Ninayo ya Mango, ile ya Uganda Telecom. Ya Orange, ambayo 2014 ilikuja kuwa Africell, nao Africell 2021 wakafunga virago. Hivo wewe angalia chini ya miguu yako leo Mbale kuna nini kinachotupwa na kila mtu, anza nacho hicho, tarehe na mahali, basi.

Kadi ninayoipenda zaidi ni ya 500 tu, imekwanguliwa vibaya na sarafu mpaka namba mbili zimefutika, bila shaka huyo mtu hakupata hata sekunde ya kuongea. Nyuma kuna mwandiko wa kalamu ya bluu: sukari nusu, sabuni, parafini, kiberiti, na chini yake "usisahau dawa ya Juma". Niliiokota Nakawa, Agosti 2006, imeandikwa pembeni kwa penseli yangu.

Ninayoikosa ni ya Celtel ya miaka ile ya mwanzo. Mwenye nayo, hata iliyopasuka, natoa mbili za Warid na moja ya Mango, na nauli ya kuifuata naweka mimi.