Katiba ya kikundi cha hisa ndiyo inayowafungia nje maskini

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, kijijini kwenu vimejaa walimu na wenye maduka, huku wajane, vibarua na wenye ulemavu hawamo. Someni katiba zenu kwanza. Hisa ya shilingi 2,000 kila wiki na faini ya 1,000 kwa anayechelewa zinamtoa kibarua kabla hajaomba kujiunga.

Kuwapata walioachwa, msitegemee mkutano wa hadhara. Wengi wao hawaji, na wakija hawasemi. Chukueni majina kwa balozi wa nyumba kumi, kwa mhudumu wa afya wa kitongoji na kwa muuza duka, maana yeye anajua nani hununua mafuta ya kupima na unga robo kilo. Jina likitoka kwa wawili, nendeni nyumbani kwake mkazungumze.

Msiwaundie kikundi chao peke yao. Mfuko utakuwa mdogo mno kukopesha, na wataitwa kikundi cha maskini hadi waone aibu kuhudhuria. Wachanganyeni, ila kila mtu achague anaokaa nao, jumla 15 hadi 25.

Bei ya hisa ipangwe na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Ikiwa 500, na mtu anaruhusiwa hisa 1 hadi 5 kwa kikao, mwenye duka ataweka 2,500 na kibarua 500, na hakuna anayepunjwa kwa sababu faida hugawanywa kwa hisa. Mfano: hisa 4,000 ni shilingi 2,000,000. Riba ya mikopo ikileta 600,000, kila hisa inalipwa 650. Aliyenunua hisa 50 aliweka 25,000, anaondoka na 32,500. Hisa zigongwe muhuri kwenye kijitabu, ili hata asiyejua kusoma ahesabu zake mwenyewe. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo wakae nazo watu watatu wasio viongozi.

Miezi ya njaa, kwa mikoa kama Dodoma na Singida ni Januari hadi Machi, ruhusuni mtu asinunue hisa bila faini. Vikundi vingi hupoteza wanachama maskini hapo: anakosa vikao viwili, faini inapanda, anaona aibu, harudi tena.

Mkopo ndio mlango wa pili unaofungwa. Kanuni ya kukopa hadi mara tatu ya akiba ni nzuri, lakini mkidai wadhamini wawili, mjane asiye na ndugu hapati hata mmoja. Mkopo wa kwanza usiozidi akiba yake usihitaji mdhamini, kwani akiba yenyewe ni dhamana tosha. Msiandikishe bati wala shamba la mtu kuwa dhamana. Mfuko wa jamii, yaani mchango wa kusaidiana nje ya hisa, tuseme 200 kwa kikao, utumike kwa msiba na ugonjwa bila riba, vinginevyo mgonjwa mmoja anamaliza mtaji wa kaya nzima.

Kikao kifanyike jioni baada ya kibarua, mahali pasipo ngazi. Kiziwi akae jirani na anayejua ishara zake.

Mkishatulia, sajilini kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hukopeshwa bila riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake, kwa hiyo mwelezeni hilo hata kama bado hajajiunga nanyi.