Maswali na majibu: Kamera haioni, au koo halijaandaliwa?

Kamera yetu ni ya zamani. Koo la mgonjwa wa kansa linaonekana kwa ukungu tu. Tuombe mpya? (Muuguzi, Kasulu)

Swali hili linaletwa kila mara, na hakuna anayenitajia kama mgonjwa alisukutua. Ombeni mpya mkitaka, lakini mate mazito yataifunika nayo. Mgonjwa asukutue kwa maji ya uvuguvugu na kutema kabla ya ganzi. Ganzi ikishashika hamezi vizuri, na mate yanatuama nyuma ya zoloto (kisanduku cha sauti), palepale mnapopatafuta.

Ukungu unatokana na lenzi baridi kukutana na pumzi ya moto. Kiyoyozi kikali kinazidisha. Chovyeni ncha ya mpira wa kamera kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika moja, kisha ingizeni. Lenzi ikichafukia ndani, mwambieni ameze: lenzi inasafika na koo pia. Akishindwa, fyonzeni, ila ncha isigande kwenye ukuta wa koromeo, yaani nyuma ya koo. Inaacha doa jekundu, na atakayeangalia baadaye atalikata kipande cha kupima akidhani ni kansa.

Nilipimwa kwa kamera ya puani, nikaambiwa nibane pua, nifunge mdomo na kupuliza. Kulikuwa na haja? (Uvinza)

Kubwa sana. Pembeni mwa zoloto kuna vijifuko viwili, na nyuma yake kuna nafasi nyembamba. Kuta zake zimelaliana kama mfuko wa shati lililopigwa pasi. Kansa inaweza kukaa humo kamera ikapita bila kuiona. Hewa ya kupuliza ndiyo inayozitenganisha kuta hizo.

Mashavu lazima yavimbe. Ukikaza tumbo na kubana pumzi kifuani, koo linajifunga na hakuna kinachofunguka. Wengi hukosea hapo kwa sababu hawakuelekezwa. Mfanyisheni mgonjwa mazoezi mara mbili tatu kabla kamera haijaingia. Akae, ainame mbele, kidevu kikaribie kifua, kisha ageuze kichwa: akigeukia kushoto kijifuko cha kulia kinafunguka, na kinyume chake. Kutoa ulimi nje kunafungua shina la ulimi. Kusema "iiii" kunainua zoloto.

Kamera ya mdomoni ina shida yake, maana kile kiplastiki cha kung'ata kinaacha midomo wazi na hewa inatoroka. Japani wanacho maalumu kinachoziba. Penye kamera ya puani, mimi ningeanza na hiyo kwa kuangalia koo.

Nitalazwa usingizi? (Nzega)

Kwa kuangalia koo peke yake, kwa kawaida hapana: aliyelala hawezi kupuliza.

Mgonjwa ana kansa ya umio (njia ya chakula) tayari. Kwa nini tukawie kooni? (Tabora)

Kwa sababu moshi wa sigara na pombe kali vilipita kooni kabla ya kufika kwenye umio. Mwenye kansa moja huko anaweza kuwa na ya pili kooni, ndogo, isiyouma, ambayo bado inatibika. Wengi hulipita koromeo mbio wakiwahi umio, wakisema watalitazama wakati wa kutoka. Wakati wa kutoka limeshakwaruzwa, ni jekundu na limejaa mate. Tazameni mkiingia: kaakaa laini, shina la ulimi, vijifuko vyote viwili, ukuta wa nyuma. Mashine yenye kitufe cha mwanga wa buluu na kijani, kibonyezeni. Kansa changa huonekana kama baka la kahawia lenye vidoto, hata pale mwanga mweupe usipoonyesha kitu. Ile iodini ya kupaka umio ili kansa ionekane msiimwage kooni, itaingia mapafuni.

Ganzi ya kupuliza tupulize mara ngapi? (Kibondo)

Someni chupa kwanza. Lidokaini ya asilimia 10 kwa kawaida hutoa miligramu 10 kwa kila mpulizo. Mpimeni mgonjwa uzito. Wagonjwa hawa wamekonda, na mwenye kilo 40 hapaswi kukaribia kipimo cha mtu mnene. Mipulizo michache ikisubiriwa dakika kadhaa inafanya kazi kuliko mingi ya haraka. Masikio yakivuma au misuli ikianza kurukaruka, acheni mara moja. Asile wala kunywa mpaka ganzi iishe, kama muda wa saa moja hivi.

Amepigwa mionzi, mdomo haufunguki na mate ni kama gundi. (Sikonge)

Piteni puani. Asukutue kwa nusu kijiko cha chai cha magadi ya kupikia (baking soda) katika glasi ya maji. Uvimbe wa mionzi unaweza kufanana na kansa iliyorudi, kwa hiyo msikimbilie kukata kipande.

Koo linakwaruza siku nne. Nije kwenye kamera? (Urambo)

La. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, chakula kikikwama au shingo ikiota uvimbe, njoo. Anayepumua kwa mlio hata akiwa ametulia asilazwe chali wala kupewa dawa ya usingizi kwa ajili ya kamera. Apelekwe akiwa amekaa, siku hiyohiyo, penye mtu anayeweza kumtoboa shingo apate njia ya hewa.