Kamera nne na waya wa nyumba ya Kigamboni

Ndugu yangu, umeuliza kama kamera nne za nyumba yako ya Kigamboni ziwe za waifai au za waya, na ununue waya gani. Kwa kuwa dari bado haijafungwa, mimi ningetandaza waya sasa, maana kamera nyingi za waifai nazo zinadai waya wa umeme, na kuta za tofali za saruji hudhoofisha mawimbi.

Chukua waya wa mtandao wa aina ya Cat6, wa shaba tupu. Ukiwa dukani, omba kipande kidogo, ukwangue uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, nawe iache hata kama bei inavutia. Ukichagua mashine ya kurekodi yenye matundu ya PoE, yaani yanayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao, waya huohuo mmoja utabeba picha na umeme hadi mita 100, na UPS moja (kifaa chenye betri ya akiba) ikiwekwa kwenye mashine itaziwezesha kamera zote kuendelea kuona umeme unapokatika.

Megapikseli 4 zinatosha. Lenzi ya milimita 2.8 huona uwanja mpana, lakini getini, unapotaka kutambua sura, ya milimita 6 ni bora. Kila kamera ikirekodi mfululizo kwa megabiti 4 kwa sekunde, nne zitakula takriban gigabaiti 173 kwa siku. Kwa hiyo diski ya terabaiti 2 itakupa siku 11 hivi. Viungio vya nje vifungie ndani ya kisanduku kisichopitisha maji, kwani chumvi ya bahari huvila upesi.