Mvua ya Hola peke yake haitoshi

Ndugu, umeuliza kama rekodi za mvua za mji wa Hola zinatosha kupima hatari ya mafuriko kaunti ya Tana River. Hazitoshi kabisa. Maji yanayozamisha mji wa Garsen hutoka Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya Masinga na Kiambere, yaliyo juu kwenye Mto Tana, yakifurika, mto huvimba hata kama kwenu jua linawaka. Anza na vipimo vya mto pale Garissa, ambako maji hupita kabla ya kufika kwenu. Kisha tembea vijijini, wazee wakuonyeshe maji yalifika wapi mwaka 1997, 2018 na 2024. Ukiona alama ya tope ukutani, pima urefu wake kutoka sakafuni. Halafu hesabu nyumba, zahanati, mashamba ya maembe, na nani ana mtumbwi. Ukame nao uupime kivyake, tafadhali: huua mifugo polepole, na ramani ya mafuriko haiuonyeshi.