Kichwa cha fimbo ya gofu kimechomoka: nitumie gundi gani?

Swali: Habari za kazi, fundi. Nina seti ya aiani, zile fimbo za gofu zenye vichwa vya chuma, na shafti zake (miti ya fimbo) ni za grafaiti. Majuzi nikiwa mazoezini, kichwa cha namba 7 kilichomoka kikaruka pamoja na mpira. Nilikirudisha kwa supagluu, kikashika siku mbili kisha kikatoka tena. Sasa namba 5 nayo inatoa mlio wa "tik" kila nikipiga. Mwenzangu anasema niichome shingo, pale kwenye kichwa shafti inapoingia, kwa moto wa gesi, nitoe kichwa, nigundishe upya. Ni sawa? Na je, kichwa kikichomoka katikati ya mashindano naruhusiwa kubadilisha fimbo?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Huo moto wa gesi uweke mbali kabisa. Shafti ya grafaiti ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini (utomvu wa plastiki uliogandishwa), na resini hiyo haina tofauti kubwa na gundi unayotaka kuilainisha. Gundi iliyo ndani ya shingo ikija kuachia, ncha ya shafti nayo imeshaungua. Kwa nje unaweza usione kitu, lakini siku yoyote itakatika pale pale juu ya shingo. Tochi ya gesi ni ya shafti za chuma.

Namba 7 haihitaji joto kwa sababu tayari imetoka. Chungulia kwanza ndani ya shingo. Ukikuta kipande cha shafti kimebaki humo, tatizo si gundi: shafti imevunjika, na hiyo ni kazi nyingine. Ukikuta tundu tupu lenye mabaki ya gundi, endelea. Angalia pia kama kuna kijipande kizito cha chuma kilichodondoka kutoka kwenye ncha ya shafti. Usikitupe. Viwandani hukiweka ili fimbo zote za seti ziwe na mizani moja, yaani uzito wa kichwa unavyosikika ukizungusha, na gramu 2 tu kichwani zinatosha kuhamisha mizani hiyo kwa alama nzima, kwa mfano kutoka D2 hadi D1 kwenye kipimo cha mafundi.

Supagluu imekuangusha kwa sababu hukauka ngumu na dhaifu kama kioo, na haijazi nafasi iliyopo kati ya shafti na ukuta wa shingo. Kichwa cha namba 7 kina gramu kama 270. Mchezaji wa kawaida akizungusha, nguvu inayotaka kukichomoa hufika karibu uzito wa kilo 20, halafu mpira unakuja kukitikisa na kukisokota juu yake. Unachohitaji ni epoksi ya sehemu mbili iliyotengenezwa kwa fimbo za gofu, ile inayokaa saa 24 kabla ya kupigiwa mpira. Ile ya dakika 5 iache kwa matengenezo ya nyumbani.

Hata hivyo, nikiletewa fimbo ambayo kichwa kimetoka mara ya pili, mara nyingi gundi yenyewe haikuwa mbaya. Mtu alipaka gundi mpya juu ya gundi ya zamani, au juu ya rangi ya shafti. Gundi imeshika rangi, rangi imebanduka, kichwa kimeondoka. Kwa hiyo muda wako mwingi utumie kwenye msasa. Pima kina cha shingo, kawaida ni kama milimita 25 hadi 32, na zungushia tepu juu ya hapo ili usichubue sehemu itakayoonekana. Sugua ncha taratibu mpaka mng'ao wote uishe na ibaki rangi moja iliyofifia, halafu simama hapo. Ukiendelea unaanza kukata nyuzi, na uimara wa shafti uko kwenye nyuzi hizo. Vaa barakoa, maana vumbi la kaboni si la kuvuta. Ndani ya shingo tumia brashi ya waya ya duara au msasa uliokunjwa kwenye kijiti, mpaka uone chuma kitupu. Futa pande zote mbili kwa spiriti, acha zikauke, na usizishike tena kwa vidole.

Jaribu kuingiza shafti bila gundi. Ikicheza, changanya ndani ya epoksi punje laini za kioo zinazouzwa kwa kazi hiyo, zitaiweka shafti katikati ya tundu. Kisha paka ncha na ndani ya shingo, sukuma huku ukizungusha ili gundi ienee, panga alama za mshiko zilingane na uso wa kichwa, futa iliyozidi. Rudi baada ya dakika chache uangalie, kwa sababu hewa iliyonaswa chini huweza kukisukuma kichwa nje kidogo kidogo.

Sasa namba 5. Tazama ile pete ya plastiki juu ya shingo. Kama kuna mwanya kati yake na chuma, kichwa kimeanza kushuka, na fimbo hiyo usiipige tena hata mpira mmoja, maana aliyesimama karibu nawe ndiye atakayekipokea. Kama hakuna mwanya, itikise sikioni. Ikilia hata bila kupiga mpira, huenda ni chembe ya gundi iliyokauka inayotembea ndani ya shafti. Inaudhi tu, haina hatari. Ikilia unapopiga pekee, hesabu kwamba gundi imeachia.

Kutoa kichwa chake kunataka mashine ya hewa moto ikielekezwa kwenye chuma cha shingo tu, pamoja na kifaa cha kuvutia kinachokivuta kichwa kwa mstari ulionyooka. Usikisokote, kusokota ni kwa shafti ya chuma, grafaiti hupasuka. Kama huna kifaa hicho, mpe fundi. Jiliwa bila mpira wa kukinga itaiponda shafti yako kabla hujafika popote.

Fimbo mbili za seti moja kuachia kwa wakati mmoja kunanifanya niulize unazihifadhi wapi. Gari lililofungwa juani huweza kukaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na joto la namna hiyo siku baada ya siku hulegeza epoksi. Toa mfuko kwenye buti. Zilizobaki usizibomoe, kagua pete zake kila unapozisafisha.

Kuhusu mashindano: kanuni ya 4.1 ya gofu inahesabu kichwa kilichochomoka au kulegea kuwa uharibifu. Unaweza kuendelea na fimbo hiyo, kuirekebisha kwa kutumia kichwa, shafti na mshiko wake wenyewe, na tangu Januari 2023 unaweza pia kuibadilisha, alimradi hukuiharibu kwa hasira na hucheleweshi mchezo. Ukiipiga chini baada ya shuti bovu ikavunjika, hubadilishiwi.