Kuacha dawa ya nywele bila kunyoa: nilivyofanya mimi hapa Nairobi

Dadangu uliyeuliza juu ya nywele zinazokatika kisogoni, nimesoma swali lako lote. Umesema unaweka dawa ya kulainisha nywele tangu ulipomaliza kidato cha nne, kisogoni zimebaki fupi, za mbele zimerudi nyuma, msusi wako anakushauri ufanye keratini, ile huduma ya kunyoosha kwa kemikali na pasi, ili zipate uhai tena, na mama anasema unyoe uanze upya. Unataka kujua kama zilizoharibika zinaweza kupona, na kama kuna njia ya kurudi kwenye nywele zako za asili bila kunyoa. Mimi niliacha dawa bila kunyoa, nikiishi Donholm na kufanya kazi mjini, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Nianze na habari ngumu. Sehemu iliyokwisha kuchomwa haitapona. Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna damu wala uwezo wa kujijenga. Uhai uko chini, kwenye shina. Dawa ya kulainisha ina alkali kali inayofika pH ya 12 hadi 14, na kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa vilivyo ndani ya unywele, vile vinavyoufanya ujikunje. Vikivunjwa hivyo havirudi. Zile dawa za mikebe yenye picha ya watoto, ambazo wengi hudhani hazina neno, hutumia guanidini haidroksaidi badala ya sodiamu haidroksaidi, lakini vifungo vinavyovunjwa ni vilevile. Kwa hiyo bidhaa yoyote inayoahidi kuzirudisha zilivyokuwa inakula pesa zako. Inachoweza kufanya ni kuzipaka, kuziba nyufa kwa muda na kuzifanya ziteleze zisikatike upesi. Hilo nalo lina maana, kwa sababu utakaa nazo miezi mingi. Ila hesabu yako ibadilike kuanzia leo: zilizochomwa unazisindikiza, zinazoota ndizo unazozitunza.

Kabla hujanunua chochote, fanya jambo moja. Chukua nywele zilizobaki kwenye kitana ukazitandaze juu ya karatasi nyeupe, karibu na dirisha. Unywele wenye kidonge kidogo cheupe kwenye ncha moja umeng'oka kutoka shinani. Kung'oka huko ni kawaida, kichwa hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku. Usio na kidonge umekatika. Zangu nyingi zilikuwa vipande visivyo na kidonge, na nikizishika kwa vidole viwili niliona upande mmoja umenyooka kabisa na ule mwingine umejikunja, na penye mkutano wao pamekuwa pembamba kuliko kwingine kote. Zilikuwa zinakatikia kwenye kiungo, yaani pale nywele za asili zinapokutana na zenye dawa. Basi kazi yote ya kuacha dawa bila kunyoa ni kukilinda kiungo hicho. Zako zikiwa nyingi zina kidonge na zinatoka kwa mafungu, tatizo huenda si dawa peke yake. Kapime damu, hasa madini ya chuma. Na kama umejifungua miezi michache iliyopita, nywele hung'oka kwa wingi kipindi hicho kisha hutulia.

Kisogoni nina shaka na ritachi, yaani kurudia dawa nywele mpya zikiota. Dawa inatakiwa iguse hizo mpya tu. Msusi akiwa na haraka, Jumamosi watu wamejaa saluni, anaipaka mpaka kwenye nywele zilizokwisha kulainishwa mara ya mwisho, na wakati wa kuosha inamiminikia kisogoni, ambako nywele ni laini zaidi. Unywele uleule unachomwa mara tatu, mara nne. Hakuna mafuta yanayoweza kushindana na hilo. Ukiacha ritachi, uharibifu mpya wa dawa unakoma siku hiyohiyo.

Sasa kuosha, maana hapo ndipo unapoweza kupoteza kazi ya miezi kwa dakika kumi. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha nilikuwa napaka mafuta ya nazi kutoka kiungo hadi ncha. Sichagui nazi kwa mapenzi ya pwani tu. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini, wakakuta ni ya nazi yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa sababu yanaweza kupenya ndani. Mafuta ya nyonyo ni mazito na yanazuia unyevu usitoke, lakini sijaona ushahidi wa kuniridhisha kwamba yanaotesha nywele.

Asubuhi gawanya nywele mafungu sita, kila fungu ulisokote na kulibana, halafu ulifungue moja moja. Shampuu iende kwenye ngozi, povu litashuka lenyewe kwenye ncha. Usizirundike zote utosini na kuzisugua. Kisha kondishona, na usiifanyie ubahili. Fungu likiwa limelowa na linateleza, lishike kwa mkono mmoja chini kidogo ya kiungo, upande wa ncha, ulibane vizuri, na kwa mkono ule mwingine uanze kufungua mafundo kwa vidole kutoka ncha. Ukimaliza vidole ndipo uchukue chanuo la meno mapana, ukianzia ncha tena, ukipanda kidogo kidogo. Mkono unaobana hauachii. Mvuto wa chanuo unaishia kwenye kiganja chako, haufiki kwenye kiungo. Hii ndiyo iliyonisaidia kuliko chupa yoyote niliyowahi kununua. Ukifika mahali chanuo limegoma, ongeza kondishona, usivute. Na usichane zikiwa kavu, hata kama umechelewa kazini. Kausha kwa fulana kuukuu ya pamba, taulo inakwaruza.

Mayai na mayonezi umeshaambiwa, na yanashauriwa kila mahali. Protini ya yai ni kubwa mno, haiingii ndani ya unywele. Inakaa juu na kuacha harufu. Ukitaka protini tafuta kondishona iliyoandikwa kwamba ina protini zilizovunjwavunjwa, itumie mara moja kwa mwezi hivi, na baada yake weka kondishona ya kuzipa unyevu. Ukizidisha protini nywele zinakuwa ngumu na kukatika, na utadhani unahitaji nyingine. Parachichi nalo kula, usipake kichwani.

Maji ya Nairobi nayo yana habari yake. Ya mfereji, yanayotoka Ndakaini, ni mepesi na sabuni inatoa povu vizuri. Lakini mgao ukikatika tunanunua ya boza, na walio Syokimau, Kitengela au Athi River wanajua maji ya kisima yenye chumvi. Chumvi hizo zinaganda juu ya nywele, zinakuwa kavu na nzito hata baada ya kondishona. Waliotumia dawa za guanidini wanaumia zaidi, kwani dawa hizo zenyewe huacha mabaki ya kalsiamu kwenye nywele. Tafuta shampuu yenye EDTA, kemikali inayonasa chumvi hizo, uitumie mara moja moja kuyaondoa. Na wakati wa masika kinga maji ya mvua kwenye beseni kwa ajili ya suuza ya mwisho. Ni bure na utaona tofauti kwa mkono.

Kusuka ndilo jambo ambalo ningependa unisikilize zaidi. Utaambiwa usuke rasta miezi yote ya mpito ili usizishike. Ushauri si mbaya, lakini kwa nywele zenye dawa una hatari yake. Profesa Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake waliwachunguza wasichana wa shule na wanawake wa Afrika Kusini, wakakuta karibu thuluthi moja ya wanawake watu wazima wana upara unaotokana na kuvutwa nywele, na hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wanaosuka juu ya nywele zilizowekwa dawa. Kwa maneno mengine, hali yako haswa. Nywele zako za mbele huenda zimerudi nyuma kwa sababu ya mikono ya wasusi pamoja na dawa.

Ukienda Kenyatta Market, ambako wasusi watatu wanaweza kukushika kichwa kwa wakati mmoja ili umalize haraka, sema mapema, kabla hujakaa. Mimi nilikuwa namwambia, "Mpenzi, hapa mbele usianze karibu na ngozi, na ulegeze." Alikuwa ananijibu, "Dada, nikilegeza haitakaa, utarudi kunigombeza." Nikamwambia sitarudi kugombeza. Misuko yangu ilichakaa mapema kweli, nikaifumua mapema, na hilo ndilo nililolitaka. Ukishindwa kukunja paji la uso, au ukihitaji dawa ya maumivu ili ulale, au ukiona vijipele vyeupe kwenye mizizi, fumua usiku huohuo hata kama umelipa pesa nyingi. Maumivu ni dalili ya shina linaloumizwa. Acha zile nywele ndogo za mbele kabisa, msusi asizilazimishe kuingia. Chagua rasta nene kiasi na fupi, au matuta ya nywele zako mwenyewe bila kuongeza nywele za paketi. Ukizidisha wiki sita unakuta nywele zimeshikana kwenye mizizi, na kiungo ndicho kinacholipa.

Wiki ambazo sijasuka, nilikuwa nazisokota usiku zikiwa na unyevu, nikazifungua asubuhi. Mawimbi hayo yanafanya sehemu iliyonyooka na iliyojikunja zifanane, na ofisini hakuna aliyejua niko katikati ya safari. Pasi ya nywele niliiweka mbali, kwa kuwa moto unaotosha kunyoosha nywele mpya zifanane na ncha unaweza kuua mikunjo yake, halafu utakuwa umerudi palepale bila hata kuweka dawa. Lala na kitambaa cha satini. Na kama unapanda boda, funga satini kabla ya helmeti, maana kitambaa cha ndani ya helmeti kinasugua mbele na kisogoni, kulekule kunakokuuma.

Kuhusu keratini, kataa. Nyingi ya huduma hizo za kunyoosha zina fomaldehaidi, au kemikali inayoitoa pasi inapopita juu ya nywele, na fomaldehaidi imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ule moshi unaowatoa machozi wewe na msichana anayekuhudumia ndio huo. Yeye anauvuta kila siku. Isitoshe, huduma hiyo inanyoosha, wakati wewe unataka mikunjo irudi.

Na nikutajie la dawa yenyewe, si kwa kukutisha. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za afya za Marekani, NIH, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiowahi kutumia dawa za kunyoosha nywele, makadirio ya kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 yalikuwa asilimia 1.64. Kwa waliozitumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na hata hiyo 4.05 ni wachache. Lakini ni nani kati yetu alikuwa na ritachi chini ya nne kwa mwaka? Mimi nina binti, na sitaki mkebe huo uingie nyumbani kwangu.

Mama yako hajasema vibaya. Kunyoa ndiyo njia fupi, kiungo kinaondoka siku moja na hakuna cha kulinda. Usiponyoa, punguza ncha kidogo kila unapofumua misuko, upana wa kidole. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, zetu mara nyingi chini ya hapo, kwa hiyo ukikata kwa mwendo huo urefu utaonekana umesimama ilhali nywele zako za asili zinaongezeka chini. Mwezi wa tatu hadi wa sita tangu uache dawa ndio mgumu, nywele mpya zimejaa na ncha zimelala, na msusi atakushawishi uweke dawa "kidogo tu". Mimi, baada ya mwaka na ushei, nilimpa dada yangu mkasi jikoni akakata zilizobaki zenye dawa.

Sehemu ya mbele iliyorudi nyuma, itazame kwenye mwanga wa jua. Ukiona vitundu vya nywele na vinyweleo laini, mashina bado yapo. Acha kuyavuta na yatarudi polepole. Ukiona ngozi imekuwa laini inayong'aa, bila vitundu, au ukiwa na kipara kinachoanzia utosini na kupanuka pembeni, kinachowasha au kuuma ukikigusa, hilo si tatizo la kutibiwa na msusi wala mafuta. Muone daktari wa ngozi, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wana kliniki, na uende upesi kwa sababu shina likishageuka kovu halioti tena. Usisuke kabla hajakuangalia.