Maswali na Majibu: Mkono wa Mtoto Wakati wa Likizo ya Kiangazi

Shule nyingi za Marekani zimekwisha kufungwa kwa likizo ya kiangazi, na ligi za mitaa za besiboli na softiboli zinamalizia msimu ulioanza mwezi Machi. Katika wiki hizi wazazi wanaozungumza Kiswahili huniuliza jambo moja kwa sura nyingi: mtoto aendelee kucheza, au apumzike? Nimefundisha watoto wa ligi ya mtaa kwa misimu kadhaa, na nimechagua hapa maswali ambayo naona yanawahusu wengi.

Mwanangu ana miaka 11 na ni mrushaji. Amechaguliwa katika kikosi cha nyota cha ligi yake, yaani wachezaji bora kutoka timu zote, na tunashauriwa tumwingize pia katika timu inayosafiri kwenye mashindano hadi Agosti, kisha acheze ligi ya vuli. Anasema kiwiko "kinachoka" lakini hakiumi. Akipumzika, si atapoteza nafasi yake? (Mama, Columbus, Ohio)

Mama, kilichonishtua katika barua yako ni hilo neno la kiwiko kuchoka. Mtoto wa miaka 11 anayependa kurusha hatakuambia kwamba anaumia, kwa sababu anajua kitakachofuata ni kuondolewa kwenye kilima cha mrushaji, ile tuta ndogo ya udongo anaposimama kumrushia mpigaji mpira. Kwa hiyo usitegemee majibu yake, bali mtazame. Niliwahi kuwa na kijana ambaye hakulalamika hata mara moja, lakini siku moja nilimwona, kati ya mrusho na mrusho, akiuning'iniza mkono na kuukung'uta kama mtu anayekausha maji vidoleni, na alipokuja pembeni kunywa maji alifungua chupa kwa mkono wa kushoto ingawa si wa shoto. Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama juu. Mmoja ulinyooka, wa pili ukabaki umepinda kidogo.

Jioni ya leo mfanyie mwanao jaribio hilo, kisha mbonyeze polepole kwa kidole gumba kwenye ile nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Akiuvuta mkono au akikunja uso, asirushe tena mpaka aonwe na daktari. Hata asipofanya hivyo, uchovu anaoutaja ni sababu tosha ya kumsimamisha kwanza.

Mfupa wa mtoto haujakamilika. Karibu na ile nundu kuna sehemu laini ya gegedu ambako mfupa unaendelea kukua, na kila mrusho wa nguvu huivuta. Kwa mtu mzima kinachochoka kwanza ni kano, ndiyo maana wachezaji wakubwa hufanyiwa upasuaji wa kiwiko uliopewa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Kwa mtoto kinachoachia kwanza ni hilo gegedu. Watafiti wa American Sports Medicine Institute ya Birmingham, Alabama, waliwalinganisha warushaji vijana waliofikia kupasuliwa bega au kiwiko na wenzao ambao hawakuwahi kuumia, wakatoa matokeo yao mwaka 2006: waliozoea kurusha huku mkono umechoka walikuwa na uwezekano wa kupasuliwa mara 36 zaidi, na waliorusha kwa zaidi ya miezi 8 kwa mwaka, mara 5 zaidi. Sasa hesabu mwenyewe ratiba mliyopendekezewa. Kutoka Machi hadi Oktoba ni miezi 8 kamili, bila pumziko hata moja.

Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na MLB, ligi kuu ya besiboli ya kulipwa, pamoja na USA Baseball, shirika la taifa la mchezo huo Marekani, unamtaka mtoto wa miaka 9 hadi 12 akae angalau miezi 4 kwa mwaka bila kurusha, na 2 au 3 kati ya hiyo iwe mfululizo. Kwa umri wa mwanao, mirusho isizidi 85 kwa siku, na akirusha 66 au zaidi apumzike siku 4 kabla ya kupanda tena kwenye kilima. Ligi nzuri hufuata hesabu hiyo kwa uaminifu. Tatizo ni kwamba kocha wa Jumamosi hajui mtoto alirusha mara ngapi kwa kocha wa Alhamisi, na wewe peke yako ndiye unayewaona wote wawili. Nunua daftari dogo na uandike mirusho ya kila siku, timu zote pamoja. Ushauri wangu, kiwiko kikithibitika kuwa kizima, ni kwamba acheze kikosi cha nyota na kukimaliza, kisha aweke glavu kabatini hadi ufike wakati wa kujiandaa kwa msimu ujao. Timu ya kusafiri itakuwapo mwakani, na itamhitaji akiwa na kiwiko kizima.

Tunakwenda Mombasa kwa wiki 6 kuwaona wazazi wangu. Kocha amesema mtoto anayeondoka kiangazi "hana nia." Tufanyeje? (Baba, Fort Worth, Texas)

Ndugu yangu, nendeni. Babu na bibi hawangojei ratiba ya mashindano, na wiki 6 bila kurusha ni sehemu ya mapumziko ambayo wataalamu wenyewe wanayataka. Kosa ambalo sisi wazazi hulifanya ni kunyamaza hadi tiketi ziwe mkononi. Mwandikie kocha mapema, kabla kikosi cha nyota hakijatangazwa, umpe tarehe ya kuondoka na ya kurudi, ili asimpe mwanao nafasi ambayo mtoto mwingine angeitumia. Kocha aliyeambiwa mapema kwa heshima, mara nyingi hulainika.

Huko Mombasa acheze kandanda na binamu zake, aogelee, akimbie mchangani, na asibebe mpira wa besiboli kama adhabu ya kila asubuhi. Mkipitia Dar es Salaam na akiwa na hamu ya kuona mchezo wake, kuna uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari Azania, uliojengwa kwa msaada wa Japani. Kijana aliyezoea kuwa Mswahili pekee katika timu yake atafurahi kuona wenzake wakiitana kwa Kiswahili uwanjani.

Mkirudi, hapo ndipo pa kuwa mkali. Mkono uliopumzika wiki 6 haurudishwi kilimani kwa siku mbili. Mimi huanza na mita 12 hivi, mirusho 25 ya polepole, siku moja kurusha na siku moja kupumzika. Wiki ya pili tunasogea mita 18, ya tatu mita 27, na kilima hukiona wiki ya nne au ya tano, tena kwa nusu ya nguvu. Wiki zote hizo maumivu yakitokea, tunarudi hatua moja nyuma bila mjadala.

Binti yangu wa miaka 13 hurusha katika softiboli. Naambiwa kwamba kurusha kwa chini hakuumizi, hivyo anaweza kurusha kila siku. Ni kweli? (Mama, St. Paul, Minnesota)

Si kweli, na nasikitika kwamba maneno haya bado yanasemwa, kwa sababu yanawagharimu wasichana. Mrusho wa softiboli, ule wa kuuzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira usawa wa nyonga, unapunguza mzigo fulani wa kiwiko lakini unaweka mzigo mkubwa kwenye bega, hasa upande wa mbele, pale ambapo misuli ya mkono wa juu inashikana na mfupa. Ukimwona akijisugua mahali hapo, au akishindwa kujifunga nywele bila kukunja uso, amekwisha kukupa jibu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni utaratibu. Katika mashindano mengi ya softiboli hakuna anayehesabu mirusho, na timu yenye mrushaji mmoja mzuri humtumia mechi mbili au tatu kwa siku moja, Jumamosi na Jumapili. Kwa kuwa kanuni haimlindi, umlinde wewe: dai kwamba timu iwe na warushaji wawili au watatu, asirushe siku tatu mfululizo, na kila wiki awe na siku moja kamili bila mchezo wowote. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri pia jumla ya miezi 3 kwa mwaka mbali na mchezo mmoja unaochezwa kwa bidii, na miezi hiyo si lazima ifuatane. Julai nzima ni mwezi wa kwanza mzuri.

Mazoezi yetu ni saa 10 alasiri, na joto ni kali sana. Niogope? (Baba, Phoenix, Arizona)

Ndiyo, na uombe yahamishiwe asubuhi mapema au baada ya jua kuzama. Mwili wa mtoto huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto, kwa hiyo anayetoka safarini au aliyekaa ndani kwenye kiyoyozi asianze kwa mazoezi kamili. Anywe maji kabla kiu haijamshika. Mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuudaka mpira na ambaye huvaa kofia ngumu na kinga za kifua na miguu, avuliwe vifaa hivyo kila anapotoka uwanjani. Mtoto akianza kuyumba, kuongea mambo yasiyoeleweka au kuzimia, piga 911 na umpoze papo hapo kwa maji baridi na barafu mwili mzima. Usingoje gari la wagonjwa lifike ndipo uanze.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 15. Baba anasema nikipumzika nitasahau kupiga mpira kwa gongo. (Kijana, Kentucky)

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba kwamba kinachopumzishwa ni kurusha, si mwili wote. Unaweza kupiga mpira mara mbili au tatu kwa wiki, kukimbia, kuimarisha miguu na mgongo, na kucheza kandanda au mpira wa kikapu. Ukikuta hamu ya kurusha inakurudia yenyewe kabla ya tarehe mliyopanga kumaliza mapumziko, hiyo ni dalili nzuri, lakini subiri tarehe.

Glavu ya mjukuu wangu imekakamaa kama ubao. Itafaa tena? (Bibi, Iowa)

Itafaa, Bibi. Ifute vumbi, ipake mafuta ya ngozi kidogo sana kwa kitambaa, iache ikauke kivulini, kisha weka mpira katikati ya kiganja chake na uifunge kwa mkanda hadi kesho yake. Isiachwe tena ndani ya gari wakati wa jua.